Kwa Sababu Ndivyo Ilivyo

Matokeo ya mtihani wa marudio yalitoka Jumanne saa nne asubuhi. Binti aliyasoma jikoni, simu ameiegemeza kwenye birika, na alipofika mwisho akaanza tena juu, polepole, kama mtu anayepitia orodha ya majeruhi akiomba asikutane na jina la ndugu yake. Jina lilikuwepo, lake mwenyewe, na mbele yake maneno mawili: ameondolewa masomoni.

Mtaani walimwita Profesa. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo mwaka alipopata A ya hisabati kidato cha nne, na tangu hapo likamganda. Muuza duka alimwita hivyo, kinyozi alimwita hivyo, na wateja wa mama yake waliokuja kushonesha nguo walikuwa wameshalisahau lile alilozaliwa nalo. Sasa alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea ualimu wa hisabati kama baba yake, na mwaka huo ulikuwa umeishia hapo, kando ya birika.

Alizima jiko, akaenda sebuleni. Mama yake alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, akimwekea mteja pindo la gauni.

"Profesa!" mteja akaita alipomwona kwenye kioo. "Chuo mnafungua lini?"

"Bado kidogo, mama."

"Huyu wangu wa kidato cha pili akiona namba anashikwa na homa. Nitamleta kwako. Mtu mwenye kichwa kama chako hakosi la kumwambia."

"Mlete tu."

Mama alimtazama binti yake mara moja, akajua kuna jambo. Alimaliza pindo, akatoa pini zote mdomoni, akamsindikiza mteja hadi mlangoni, akacheka pale palipohitaji kicheko, kisha akarudi na kuketi nyuma ya cherehani yake.

"Haya. Kuna nini?"

"Mama, nimedisko."

"Umefanya nini?"

"Nimedisko."

"Disko? Wewe umeanza lini kucheza muziki?"

Binti alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kikaenda hatua mbili tatu, kikageuka kilio. Mama akainuka akamshika mabega.

"Ndivyo tunavyosema chuoni," binti alisema alipopata pumzi. "Maana yake nimefukuzwa. Nimefeli somo la lazima mara ya pili. Ukifeli mara mbili, unaondoka."

"Somo gani hilo?"

"La uthibitisho."

"Ndiyo nini?"

"Ni hisabati, Mama."

"Wewe? Ufeli hisabati?" Mama alimsogeza kidogo amwone usoni vizuri, kama anayehakikisha kwamba ni yeye. Halafu akageuka kutazama dirishani, ambako sauti za watoto zilikuwa zinasikika zikiimba jedwali la tisa kwa pamoja. "Baba yako amejua?"

"Hajajua."

"Basi mwache ale kwanza."

*

Baba alikuwa amefundisha hisabati shule ya msingi miaka thelathini na minne. Wanafunzi wake, ambao sasa walikuwa madereva, makarani, wauguzi na mmoja padri, walimwita Kanuni, na yeye alilijua jina hilo na lilimpendeza. Baada ya kustaafu aliweka ubao barazani, na mara tatu kwa wiki watoto wa mtaa walikuja na madaftari yao. Hakuna aliyetoka pale bila kujua jedwali. Alikuwa na mwandiko wa kuchapishwa, na kila mwaka mpya aliandika juu ya ubao sentensi ileile, kwa chaki nyekundu, akaiacha wiki nzima bila kufutwa.

Alikula, akanawa mikono, akafungua kifungo cha juu cha shati. Binti alimweleza akiwa amesimama.

"Haiwezekani," baba alisema, kwa utulivu kabisa. "Wamekosea kujumlisha alama."

"Hawajakosea, Baba."

"Wewe hujui. Mimi nimesahihisha mitihani tangu hujazaliwa. Mtu akichoka, saba inageuka moja. Ulisahau kanuni gani?"

"Hakukuwa na kanuni."

"Hisabati isiyo na kanuni?"

"Wanakupa jambo, halafu wanataka useme kwa nini ni kweli."

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini iwe hivyo."

"Kwa sababu ndivyo ilivyo!" Sasa sauti ilikuwa imempanda. "Maswali gani hayo ya kupotezea watoto muda? Nani mhadhiri wako? Kijana, siyo? Hawa vijana wamesoma vitabu vingi, hawajafundisha mtu hata mmoja akaelewa. Kesho tunakwenda."

"Baba, kuna rufaa. Naandika barua, siku kumi na nne, sio lazima wewe…"

"Tunakwenda wote."

Mama, aliyekuwa akiondoa vyombo, alisema, "Nitakupigia pasi koti." Alijua koti gani. Lilikuwa moja tu, lile la siku ya kustaafu, na lilikuwa limeanza kumpwaya mabegani.

*

Mhadhiri alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, ofisi yake nyembamba kama ujia, makaratasi hadi kwenye kiti cha wageni. Alipowaona mlangoni aliinuka, akaondoa makaratasi, akayaweka sakafuni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Baba alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na ile shikamoo ilimvurugia mpangilio. Aliketi. Binti alibaki amesimama kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. "Nimekuja kuona karatasi ya mtoto wangu."

Mhadhiri alimtazama binti, binti akaitikia kwa kichwa. Karatasi ikatolewa kabatini. Baba akavaa miwani na kuisoma kama alivyosoma karatasi zote za maisha yake, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Swali la kwanza lilisema: Thibitisha kwamba jumla ya namba mbili witiri ni shufwa. Chini yake binti alikuwa ameandika mistari kumi na minne, safi, iliyonyooka. Tatu na tano ni nane. Saba na tisa ni kumi na sita. Kumi na moja na kumi na tatu ni ishirini na nne. Pembeni, kwa wino mwekundu, sifuri.

Kidole cha baba kilifika mstari wa mwisho, kikarudi juu.

"Hii yote ni sahihi," alisema. "Yote! Mtoto amepata kumi na minne kwa kumi na minne, wewe unampa sifuri. Hata haya huoni?"

"Kila mstari ni sahihi, Mwalimu, sibishi. Lakini namba witiri haziishi. Nikikuuliza kama kuna mbili huko mbali, kubwa mno, ambazo hakuna aliyewahi kuzijumlisha, na jumla yake ikatoka witiri, utanijibuje?"

"Haiwezekani."

"Nami naamini hivyo. Kwa nini?"

"Kwa sababu witiri na witiri ni shufwa."

"Hilo ndilo tunalolitafuta. Hatuwezi kulitumia tena kama sababu yake."

Baba alivuta kiti karibu na meza. "Nipe kalamu."

Mhadhiri hakuwa na nia mbaya. Baadaye, usiku wa siku hiyo na siku nyingine kadhaa, alijilaumu kwamba alimpa. Alisukuma kalamu na karatasi tupu, na mzee akaanza kuandika kwa mwandiko wake wa kuchapishwa. 101 + 203 = 304. 999 + 1001 = 2000. Akaandika namba za tarakimu sita, akajumlisha kichwani bila kusita, akapata shufwa. Akaandika nyingine. Kisha kalamu ikasimama. Nje ya mlango mwanafunzi alipita akiburuta ndala. Baba alitazama namba zake kama anayesubiri mojawapo iseme. Akaandika nyingine tena, ya tarakimu saba, akaanza kuijumlisha.

Binti alitazama sakafu. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona baba yake mbele ya swali la hesabu asilolimaliza.

"Mwalimu," mhadhiri alisema kwa upole, "wengi wanakwama hapo. Hata mimi nilipoingia chuo nilikwama hapohapo." Kwa kutaka kumtoa mzee aibuni, akafanya kosa la pili. Alifungua droo akatoa bahasha nene. "Nafanya utafiti kuhusu jinsi wanafunzi wetu wanavyoielewa hisabati yenyewe. Wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza niliwauliza wote, mia moja na arobaini, hisabati ni nini. Nilitaka uone kwamba mtoto wako hayuko peke yake. " Akamgeukia binti. "Naweza kumwonyesha?"

Binti hakukumbuka alichokuwa ameandika. Alisema sawa.

Karatasi ilikuwa ya ukurasa mmoja. Baba alisoma kwa sauti, kama mazoea yake yalivyokuwa.

"Hisabati ni nini? Hisabati ni kanuni. Mwalimu anazijua, mwanafunzi anazishika, mtihani unazidai."

Ilikuwa sentensi yake mwenyewe, neno kwa neno, ile ya chaki nyekundu.

"Tisini na sita waliandika kitu kinachofanana na hicho," mhadhiri aliendelea, hajajua. "Wengine walisema ni lugha, wengine walisema ni mchezo, wachache sana walisema ni namna ya kufikiri. Hawa watoto hawakujifundisha hivi wenyewe, Mwalimu. Kuna mtu…" Hapo akauona uso wa mzee, akauona na wa binti, akaelewa.

Baba hakuwa amemaliza. Kidole chake kilikuwa kwenye swali la pili. Ukisahau kanuni, utafanyaje? Binti yake alikuwa amejibu kwa maneno mawili.

Nitanyamaza tu.

Baba alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. Ilimchukua majaribio mawili kupata mfuko.

"Nitaandika barua ya kuunga mkono rufaa," mhadhiri alisema haraka. "Nitasema kwamba ana bidii, kwamba anahitaji muda. Siahidi kitu, lakini nitaandika leo."

"Ahsante, Mwalimu," baba alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Walitembea hadi kituo cha basi. Binti alitamani agombezwe. Walipokuwa wamesimama kivulini, baba alisema, bila kumtazama, "Mwandiko wako bado mzuri."

*

Alhamisi watoto walikuja na madaftari yao, wakakuta ubao umegeuzwa ukutani. Mama aliwaambia Mwalimu hajisikii vizuri. Jumamosi aliwaambia hivyohivyo. Ndani, baba alikuwa ameketi kwenye meza ya kulia chakula na daftari la kurasa mia, akiandika namba. Alikuwa amejaza kurasa thelathini na moja. Witiri na witiri, shufwa. Witiri na witiri, shufwa.

Jumapili alasiri mama alihitaji meza. Alikuwa na sare za shule za kumalizia, na vifungo vyeupe vilikuwa vimechanganyika na vya bluu. Akamwaga vyote upande wake.

"Siku ya nne hii," alisema. "Unahesabu nini ambacho hakiishi?"

"Huwezi kuelewa," baba alisema. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa akimwambia hivyo kwa miaka thelathini na miwili, wakati mwingine mbele ya wageni na kwa utani, kwamba kichwa cha mke wake ni cha kushonea. Mama alikuwa ameishia darasa la nne, na utani huo alikuwa akiucheka pamoja na wageni.

"Namuuliza Profesa basi."

Binti alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kochi na kitabu cha somo lile lile, akikisoma kwa mara ya ngapi hajui. "Namba witiri mbili ukizijumlisha unapata shufwa. Tunatafuta kwa nini."

"Witiri ndiyo nini?"

"Ni namba ambayo ukiipanga wawiliwawili, mmoja anabaki peke yake."

"Na hiyo nyingine?"

"Shufwa. Hiyo haibakizi. Kila mmoja ana mwenzake."

Mama alivuta vifungo vyeupe mbele yake, akavipanga viwiliviwili upesi, kwa vidole vilivyozoea. Kimoja kikabaki. Akavuta vya bluu. Navyo vikabakiza kimoja. Alivitazama kidogo.

"Kwani shida iko wapi?" alisema. Akasukuma mafungu mawili pamoja. "Hawa wenye wenzao wanabaki na wenzao. Huyu mpweke wa huku anampata yule mpweke wa kule. Nani tena atakosa?"

Baba aliinua kichwa. "Na zikiwa milioni?"

"Hata ziwe milioni. Wapweke ni wawili tu, mmoja huku, mmoja huko. Wingi wa hao wengine unabadilisha nini?"

Baba na binti walivikodolea macho vifungo. Mama akadhani amesema la kipumbavu, akaanza kutenganisha vifungo vyake.

"Usivitoe!" binti alisema. Alikuwa amesimama. "Mama, ngoja, usivitoe." Aliinama mezani akatazama vile vifungo viwili vilivyokaa pamoja, cheupe na cha bluu, na kitu alichokuwa akikikariri kwa miaka miwili bila kukigusa kikaingia mahali pake. Haikuwa kanuni. Hakuna aliyempa. Ilikuwa hivyo kwa sababu isingeweza kuwa vinginevyo, na mtu yeyote mwenye macho angeweza kuiona, hata asiyejua kusoma. "Ndiyo hiyo," alisema. "Ndiyo hiyo, Mama."

"Ndiyo hiyo nini?"

"Alama nilizokosa."

Mama alitaka kucheka, akaona kwamba mtoto analia, akaacha.

Baba alifunga daftari. Alilishika kwa mikono miwili, juu ya kurasa thelathini na moja, na alipozungumza sauti ilikuwa ndogo. "Umejuaje kufikiri hivyo?"

"Sikujua kama ni kufikiri," mama alisema. "Nimetazama tu." Alianza kutia uzi kwenye sindano, akakosa tundu, akalamba uzi, akakosa tena. "Kaka yake huyu naye alikuwa hivyo. Kila kitu, kwa nini, kwa nini. Mpaka ulipomnyamazisha."

Lilikuwa jambo ambalo halikuwahi kusemwa katika nyumba ile. Mtoto wao wa kwanza alisoma darasa la saba katika darasa la baba yake, na siku moja alinyoosha mkono akauliza kwa nini hasi mara hasi iwe chanya. Baba akamjibu kwamba ndivyo ilivyo. Mtoto akasema, "Ndiyo, lakini kwa nini?" Darasa likacheka, na baba akaita fimbo iletwe, kwa sababu mtoto wa mwalimu hawezi kuachiwa avunje nidhamu. Tangu hapo kijana hakuuliza tena kitu, si shuleni si nyumbani, na shule ilipokwisha hakutaka nyingine. Sasa alikuwa fundi wa kuchomelea, na karakana yake ya milango na madirisha iko upande wa pili wa mji. Kwa mama alikuja saa ambazo baba hayupo.

*

Jibu la rufaa lilikuja chuo kikiwa kimeshafunguliwa. Lilikuwa na mistari mitatu. Kamati ilikuwa imeipokea barua, imezingatia maelezo ya mhadhiri, na haikuona sababu ya kubadili uamuzi. Mwanafunzi akabidhi chumba cha bweni kabla ya Ijumaa.

Mhadhiri alimpigia simu. Binti alimsikiliza, akamshukuru, akataka kumweleza habari ya vifungo, akaona haya. Ingekuwa kama kuleta kitambulisho siku moja baada ya kura kupigwa.

Vitu vya bweni vilihitaji gari. Mama alimpigia simu mwanawe. "Nitakuja," kaka alisema. Mama akamwambia kwamba baba naye anakwenda. "Nimesema nitakuja, Mama."

Alikuja Alhamisi mchana na pikapu ya karakana, nyuma imejaa vumbi la chuma. Alimwamkia baba yake, baba akaitika, na wote watatu wakaketi kiti cha mbele, binti katikati, wakaenda safari nzima wakisikiliza breki zikilalamika.

Msimamizi wa bweni alikuwa na daftari. Alitaka ufunguo, alitaka balbu, alitaka kujua nani aliyechora ukutani. "Umemaliza?" aliuliza.

"Naondoka."

"Najua unaondoka. Naandika umemaliza au umeondolewa?"

Wasichana wawili waliokuwa wakianika nguo waligeuka. "Nimeondolewa," binti alisema.

Chumbani, mwenzake aliyekuwa akilala kitanda cha jirani alimsaidia kufunga vitabu kwa kamba. Walikuwa wamefanya mtihani ule pamoja, na mwenzake alipata B. Alikuwa anaona aibu ya kupata, na aibu hiyo ilimfanya aseme mno.

"Mimi wala sikuelewa kitu," alinong'ona. "Kwenye kile kitabu kulikuwa na uthibitisho thelathini. Niliukariri wote, neno kwa neno, hadi alama za nukta. Ulipokuja nikautapika. Hata sasa ukiniuliza unasema nini, sijui. Ungekariri tu, shoga. Kwa nini hukukariri?"

Binti alimtazama. "Nilikariri mifano," alisema. "Nilikariri kitu kisicho chenyewe."

Wote wawili wakatabasamu vibaya. Mwenzake angemaliza chuo mwaka kesho, angepewa darasa, na siku moja mtoto angenyoosha mkono mbele yake. Binti aliliona jambo hilo waziwazi akiwa amepiga magoti anakaza fundo, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Akainuka, akachukua ndoo yenye vyombo, akatangulia.

Godoro lilibebwa na kaka na baba. Bweni lilikuwa na orofa tatu, na ngazi zilikuwa nyembamba, kwa hiyo ililazimu walisimamishe ubavu, kaka chini akirudi kinyumenyume, baba juu, na godoro katikati yao kiasi kwamba hakuna aliyeweza kumwona mwenzake. Binti alisimama kwenye kona ya orofa ya pili kuwapisha. Aliwaona wote wawili, na wao hawakujua.

"Pole pole," sauti ya kaka ilisema.

Wakashuka ngazi tano sita. Baba akasimama.

"Umechoka?" kaka aliuliza.

"Mwanangu."

"Naam."

"Lile swali lako. La hasi mara hasi."

Kaka aliegemeza bega kwenye godoro.

"Jibu sikuwa nalo," baba alisema akiongea na kitambaa cha godoro. "Nilikuwa nimefundishwa hivyo, nami nikafundisha hivyo. Ningekwambia tu sijui. Halikuwa neno gumu. Ningelisema, labda tungelitafuta pamoja jioni." Alipumua. "Badala yake nikakuchapa fimbo sita kwa kitu nisichokijua mwenyewe."

"Saba," kaka alisema.

"Nini?"

"Zilikuwa saba, Baba. Wewe ulikuwa unachapa. Aliyekuwa anahesabu ni mimi."

Kutoka chini kulisikika mlango ukigongwa na mtu akicheka. Baba alifumba macho. Mikono yake ilianza kulegea, na godoro likateleza kidogo upande wake. Binti alitaka kuacha ndoo amkimbilie, lakini kaka alikuwa ameshahisi uzito unamjia. Alipandisha goti lake chini ya godoro akalizuia. Uso wake, ambao baba hakuweza kuuona, ulikuwa umelowa, na hakuwa na mkono huru wa kuufuta.

"Shika chini, Baba," alisema. "Usishike pembeni, patakuponyoka. Shika chini. Hapo. Sasa leta mguu wa kulia."

Baba akaleta mguu wa kulia.